Tumbo la Mizani

Mizani ndiye aliyeamka kwanza, na Otmari Mbano alijua hilo kabla hajafumbua macho, kwa sababu nyonga ilimlipuka. Haikuwa nyonga yake. Zake, kwa mzee aliyekalia usukani wa lori nusu ya maisha, bado zilikuwa na heshima. Iliyokuwa inawaka ni ya mbwa, aliyekuwa anajinyanyua kutoka kwenye gunia lake kando ya kitanda, mguu mmoja baada ya mwingine, mkia ukipiga ukuta kwa furaha, hana habari.

"Taratibu basi, bibi wewe," Otmari alisema huku amekaza meno. "Hakuna lori linalotuacha."

Mbwa hakumsikia. Masikio yalikwisha zamani, na jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Alinyoosha mgongo, akapiga mwayo mrefu wenye harufu ya jino bovu, na Otmari akashika taya lake mwenyewe, maana jino nalo lilikuwa juu yake.

Nyuma ya sikio la mzee kulikuwa na kipokezi, kidude kidogo kama punje ya hindi, kimeng'ang'ania ngozi mithili ya kupe. Mwenzake alikuwa chini ya ngozi ya shingo ya Mizani. Kile cha mbwa kinasoma maumivu kwenye mishipa ya fahamu, hiki cha mtu kinayapokea. Kina ngazi tatu, unazibadili kwa ukucha: kusikia, kugawana, kubeba. Kwenye kusikia, mnyama anaumwa na wewe unapata taarifa tu. Kwenye kugawana mnaenda nusu kwa nusu. Kwenye kubeba yote yanahamia kwako, na mnyama anabaki mwepesi kama aliyezaliwa leo. Otmari alikuwa kwenye kubeba tangu majirani walipokuwa wanapanda viazi. Viazi vilikwisha kuchimbwa na kuliwa, na kipokezi kilikuwa hakijatoka pale nyuma ya sikio hata siku ya kunyoa.

Alimfuta Mizani tongotongo kwa kitambaa cha maji ya moto. Akaondoa gunia lililolowa mkojo, akatandika kavu. Akachemsha dona kwenye supu ya dagaa mpaka likawa uji wa kulambwa bila kutafuna, akajimiminia kikombe chake kutoka sufuria ileile kwa sababu kupika mara mbili kulikuwa kumemshinda, na wakala pamoja sakafuni, kila mtu na chombo chake.

Nje, upepo wa Makambako ulikuwa umeamka na hasira zake. Kule juu ya kilima mapanga ya umeme wa upepo yalikuwa yanazunguka na kunguruma. Barabarani malori yalipita yakifuatana, hayana vichwa vya kukalia dereva, hayana honi, hayana utingo wa kuning'inia mlangoni na kutukana watu. Mizani alikulia ndani ya kichwa cha lori. Otmari alimwokota akiwa kitoto, chini ya trela lililosimama kwenye foleni ya mizani ya kupimia malori, enzi bado kuna madereva, na jina likatoka hapohapo. Mbwa yule hakuwahi kukubali kwamba lori linaweza kwenda bila mtu. Hawezi kuyasikia tena, lakini ardhi ikitetemeka anajua. Basi alitoka mlangoni mbio, miguu ya nyuma ikichezacheza kama magurudumu yaliyolegea, akaenda hadi kwenye uzio kubweka.

Otmari alikumbatia nguzo ya mlango. Kila hatua ya mbwa ilikuwa msumari.

Halafu likaja lile la tumbo.

Lilikuwa la aina yake. Lilianzia chini ya mbavu za kulia, likapinda kuelekea mgongoni, kama mtu anakamua nguo iliyolowa. Lilimjia kila baada ya chakula, Mizani akimaliza tu bakuli lake. Nyonga angeweza kuibeba mpaka mwisho wa dunia, na jino pia. Tumbo hili lilimshinda. Na kama lilimshinda yeye aliyewahi kubeba maumivu ya wanyama kwa kazi, basi mbwa angelibeba vipi siku atakayoachiwa? Ndiyo maana alikuwa amempigia simu daktari.

"Mzee Mbano! Mbona umejikunja hapo?"

Alikuwa ni Mama Mgaya, jirani wa Kibena aliyemletea maziwa ya mgando kila asubuhi bila kuombwa, na maneno bila kuombwa vilevile.

"Si mimi. Ni huyu."

Mama Mgaya alimtazama Mizani, ambaye alikuwa amerudi na sasa anamlamba mama huyo kidole gumba cha mguu. "Huyu anayecheza?"

"Anacheza kwa sababu mimi nimeinama. Nikisimama mimi, atainama yeye."

"Haya. Na ndiyo leo?"

"Ndiyo leo. Daktari yuko njiani."

"Na shimo?"

"Nilimaliza jana. Kule nyuma ya mparachichi."

Mama Mgaya aliweka kibuyu chini. "Baba Mgaya alipokuwa anaondoka," alisema, "hivi vidude walikuwa wamevikataza kwa watu, na mpaka leo wamevikataza. Nilimshika mkono, basi. Sijui kama ilimsaidia. Lakini nilikuwa na nguvu za kumgeuza kitandani. Wewe hebu jitazame. Suruali imebaki kukuning'inia."

"Uzee."

"Uzee hauli mtu upande mmoja tu, mzee wangu. Unywe hayo maziwa."

*

Daktari alifika kwa pikipiki ya umeme, koti refu limejaa vumbi, begi limefungwa nyuma kwa mpira. Leokadia Kikoti alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mpana mabegani, Mhehe wa Kilolo. Alisimama nje ya mlango na kupaza sauti:

"Hodi kwa Wangoni! Mikuki mmeficha?"

"Pita, Mhehe. Sufuria ndizo nimezificha, maana nina mbwa humu ndani."

"Umezificha ya nini, mtani? Nimekuja na chumvi na pilipili yangu mwenyewe!"

Walicheka wote wawili, maana utani wa Wahehe kula mbwa na Wangoni kushika mikuki ni wa tangu mababu. Kicheko cha Otmari kilikatikia njiani, akashika mbavu. Leokadia aliliona hilo, akalihifadhi.

Hawa wawili walikuwa wamezunguka pamoja kikazi miaka mingi. Malori yalipojifunza kujiendesha, madereva walitafuta riziki popote, na Otmari, ambaye hakuwa na nyumba wala shamba la kurudia, alikwenda kuwa mbebaji. Timu za mifugo zilikuwa zinazunguka Usangu, Rukwa, hadi kule ng'ombe wanakokutana na ziwa, na dawa ya ganzi ilikuwa haifiki. Kwa hiyo daktari alipasua, na pembeni ya ng'ombe, kwenye mkeka, alilala mbebaji na kipokezi chake, ameuma kitambaa. Otmari alizaa ndama. Alikatwa pembe. Alitobolewa tumbo na kushonwa na Leokadia huyuhuyu, ng'ombe amesimama anacheua zake. Jioni alikunywa togwa, akamwita Mizani, wakahamia kijiji kingine. Kazi ya kuhamahama ilimfaa. Kilichomchosha ni kukaa.

Wabebaji walikuwa na mwiko mmoja. Hakuna aliyevaa kipokezi kabla hajakaa uso kwa uso na mwenzake na kujitaja. Kujitaja ni kusema kwa mdomo, kuanzia utosini hadi unyayoni, kila maumivu yaliyo yako mwenyewe siku hiyo: kichwa kidogo, goti la zamani, kidole nilichobanwa na mlango. Mwenzako anasikiliza. Kazi ikiisha unavua, unajitaja upya, na mwenzako analinganisha. Walikuwa wamejifunza kwa taabu. Maumivu hayana sura. Yakishaingia mwilini yanakaa kama yako, na yako yanaweza kukaa kama ya mwingine. Mbebaji aliyeruka kujitaja alirudishwa kwao bila mjadala. Leokadia alikuwa amemsikia Otmari akijitaja asubuhi nyingi mno, na aliujua mwili wake kuliko mwanamke yeyote aliyewahi kumpikia.

"Kabla ya yote nionyeshe shimo," alisema.

Walizunguka nyuma ya mparachichi. Leokadia alisimama ukingoni, akapima kwa macho, akapima tena.

"Mtani, huyu ni mbwa gani? Au Wangoni mnawazika mbwa wakiwa wamenyoosha miguu kama machifu? Humu hata wewe unaingia bila kukunja magoti."

"Jembe lilikuwa linakwenda tu," Otmari alisema. "Sikupima."

Hakucheka, na Leokadia naye hakuendelea.

Ndani, Mizani alilala chali kwa daktari, akatoa tumbo likunwe. Leokadia alipiga magoti. Sheria ya kumpumzisha mnyama milele ilikuwa fupi: daktari asikie mwenyewe kwanza, kwa sikio lake, ndipo sindano. Alitoa kipokezi chake kwenye kopo, akakipachika, akakiweka kwenye kusikia. Akafumba macho. Alisema kwa sauti, kama alivyozoea:

"Nyonga ya kushoto, imekwisha. Ya kulia inafuata. Jino la nyuma, chini. Wayo wa mbele..." Alifumbua macho, akainua mguu wa Mizani, akaugeuza. Katikati ya wayo kulikuwa na kidonda kilichofika kwenye nyama nyekundu, kimejaa mchanga. "Mtani. Hiki umekiona?"

"Nilikisikia. Nikadhani mwiba, nikatafuta, sikuona kitu. Macho yangu nayo."

"Ulikisikia wewe. Yeye hakukisikia, ndiyo maana amekikanyaga kila siku mpaka kimekuwa hivi. Na hizi nyonga, mnyama mwenye nyonga hizi hakimbii. Anakaa. Anachagua pa kulala. Huyu nimemwona kwenye uzio nikiwa bado barabarani, anaruka kama mbuzi."

"Ana furaha."

"Hana taarifa," alisema Leokadia. "Umemwondolea maumivu, umemwondolea na akili ya kujitunza."

Otmari alikaa kwenye kiti kwa uzito. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kubishana kulikuwa kama kupanda kilima. "Sikukuitia nyonga," alisema. "Nyonga nazijua, nimezibeba, na ningeendelea kuzibeba. Nimekuitia tumbo. Kuna kitu humo ndani kinamla. Sitaki afike mwisho wake akiwa nacho, na mimi siwezi tena. Ndiyo hivyo. Nimefika mwisho wa kamba."

"Tumbo gani?"

"Subiri ale."

Mama Mgaya, aliyekuwa amejibanza mlangoni akijifanya ana shughuli, alikwenda kuleta uji uliobaki. Mizani alilamba bakuli mpaka likaenda kugonga ukuta. Otmari alikunywa kilichobaki kwenye kikombe chake, kwa mazoea tu. Wakasubiri. Upepo ulipiga bati. Leokadia alikuwa amefumba macho tena, vidole viwili nyuma ya sikio.

Otmari alianza kuinama. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. "Hilo hapo," alisema kwa sauti iliyobanwa. "Hilo linakuja. Umelisikia?"

Leokadia alikandamiza vidole zaidi nyuma ya sikio.

"Linapinda sasa, linakwenda mgongoni. Mhehe, umelisikia au hujalisikia?"

"Sijasikia kitu."

"Kidude chako kimechoka."

"Jino nalisikia. Wayo nausikia waziwazi. Tumbo hakuna." Alimgeuza Mizani, akamminya tumbo pole pole, chini ya mbavu, kwenye kiuno, kila mahali. Mbwa alimlamba kifundo cha mkono. Akatoa kipimo cha picha, kile kibao kidogo ambacho zamani alikitumia kuona ndama tumboni, akakipitisha na kurudia. Alikazia macho kioo chake kwa muda. Kisha akakizima.

"Tumbo la Mizani ni zima kuliko langu," alisema.

Mama Mgaya aliacha kujifanya ana shughuli.

"Kivue," alisema Leokadia.

"Sivui."

"Kivue, Otmari."

Hakuwahi kumwita kwa jina. Siku zote ilikuwa mtani, au Mngoni, au matusi ya kirafiki ambayo hayaandikiki. Mzee alilisikia jina lake kama mtu aliyegongwa begani kwa nyuma.

"Nikikivua ataumia," alisema. "Hujui alivyokuwa analia kabla sijakivaa. Hakuwa anabweka, wala si kile kilio cha mbwa. Alikuwa ananitazama, anatoa kisauti chembamba, anasubiri nifanye kitu. Mimi niliyembebea kila ng'ombe wa kila mtu! Ng'ombe nisiowajua hata rangi! Sasa huyu wangu nimwachie?"

"Uliwabebea kwa saa moja, mtani. Halafu ulivua, ukakaa mbele yangu, ukajitaja. Mara ya mwisho umejitaja lini?"

Otmari alitazama sakafu.

"Kwa nani?" alisema. "Nijitaje kwa nani humu ndani?"

Leokadia alichukua sindano iliyokuwa tayari kwenye sahani ya bati, akaifunika kifuniko chake, akairudisha begini. "Siwezi kumchoma mnyama kwa ugonjwa ambao hana. Na siwezi kuondoka nikakuacha na huo ulio nao. Kivue, tujue."

*

Alikivua mwenyewe. Kidude kilipobanduka kiliacha duara jeupe la ngozi laini, kama ya mtoto.

Nyonga ilizimika. Jino likazimika. Wayo ukazimika. Ilikuwa kama kushusha magunia, moja, jingine, jingine, na kwa mara ya kwanza tangu msimu ule wa viazi Otmari alivuta pumzi inayofika chini.

Na tumbo likabaki. Halikupungua hata kidogo. Wenzake wote walikuwa wameaga, na lenyewe likabaki limekaa palepale chini ya mbavu za kulia, kama mgeni ambaye baada ya wengine kuondoka ndipo unagundua kwamba anaishi humu.

Mizani alikuwa amesimama katikati ya chumba. Alitoa mlio mmoja mfupi, wa mshangao zaidi ya kitu kingine. Akaugeukia mguu wake wa nyuma, akautazama kwa lile jicho zima, kama amekutana na mtu wa zamani. Miguu ikatetemeka. Kisha akakaa, na kukaa kwenyewe kukamtoa kile kisauti chembamba.

Otmari tayari alikuwa amenyanyua kipokezi kukirudisha. Leokadia alimshika mkono.

"Ningemuua," mzee alisema. Hakuwa anazungumza na mtu. "Mimi ndiye ninayeumwa, na ningemuua yeye. Shimo nimeshachimba. Wewe ungekuwa mvivu kidogo tu, ungekuwa na haraka kidogo tu, sasa hivi namfukia."

"Lakini sikuwa na haraka."

"Limeanza lini?" aliuliza Mama Mgaya.

"Sijui. Nilidhani ni lake. Nilikuwa najisifu nalo, unajua? Nilikuwa nasema, tazama ninavyombebea."

Leokadia alivuta kigoda, akakaa. Alimweleza bila kupamba: hospitali ya mkoa, kesho, si keshokutwa, picha, pengine kupasuliwa, pengine kukaa huko muda, yeye si daktari wa watu na hataki kukisia, lakini mtu kukondeana vile na umanjano ule wa macho si jambo la kupikiwa uji. Otmari alisikiliza yote. Alipomaliza, mzee alisema kwa sauti tulivu sana:

"Basi mchome tu."

"Nani?"

"Mizani. Mchome. Begi unalo, shimo lipo. Mimi nikienda huko, nani atambebea? Mawimbi ya kifaa hiki hayavuki hata uzio wa pili. Atabaki na nyonga zake peke yake, hasikii, haoni vizuri, hajui nimekwenda wapi. Bora alale leo, mkono wangu ukiwa kichwani kwake."

"Kwa hiyo afe kwa sababu wewe una safari."

"Usinigeuzie maneno, Mhehe."

"Sijageuza. Nimeyanyoosha." Leokadia alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa na uchovu ndani yake, uchovu wa mtu aliyechoma wanyama wengi ambao kosa lao lilikuwa kuwachosha wafugaji wao. "Nikiona wakati wake umefika, nitakuja hapa na nitafanya, na nitalia, na nitakutania kaburini mpaka ucheke, ndiyo kazi ya mtani. Lakini huo wakati yeye ndiye atatuambia, na ulikuwa umemfunga mdomo. Sasa ameanza kusema. Mpe nafasi aseme."

"Ni mbwa. Hajui kwa nini anaumwa."

"Na wewe unajua?"

Leokadia aliingiza mkono chini kabisa ya begi, akatoa chupa ya vidonge yenye vumbi. "Kabla ya vidude hivi tulikuwa na dawa. Watu wameshasahau. Vidonge hivi vinapunguza, havimalizi. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, ndani ya uji."

"Kitakachobaki ni kiasi gani?"

"Kiasi cha kumwambia akae chini."

Mama Mgaya alikohoa pale mlangoni. "Atakaa kwangu. Mimi nina ukuta unaopigwa na jua tangu asubuhi, na mkojo wa mbwa hautanishinda, nimelea wanaume watano. Ila hicho kidude," alisema akikinyooshea mdomo, "sikivai."

"Hakuna anayekuomba ukivae, mama," alisema Leokadia.

"Na lile shimo nalijaza leo. Shimo la namna ile halilazwi wazi karibu na mgonjwa. Nitaweka samadi na mgomba."

Otmari alitaka kusema kitu kuhusu shimo lake, halafu akaacha. Alikuwa anamtazama mbwa.

Mizani alikuwa amesimama. Alikwenda mlangoni polepole, akiupumzisha ule mguu wa mbele kila hatua, akasimama kizingitini. Lori lilikuwa linapita barabarani. Ardhi ilitetemeka, masikio yake yaliinuka. Hakukimbia. Alilisikiliza kwa miguu mpaka likapita. Kisha akasogea hadi kwenye kipande cha jua kando ya ukuta, akakinusa, akazunguka mara moja, akageuka akazunguka upande wa pili, akatafuta, akapata. Akajishusha kwa uangalifu, kiuno kwanza, kama bibi kizee anayekaa kanisani. Akaanza kulamba kidonda cha wayo wake.

Miezi yote ile alikuwa anaanguka tu popote alipokuwa, kama gunia lililotupwa. Otmari alikuwa amesahau kwamba mbwa huzunguka kabla ya kulala.

"Inauma," alisema.

"Inauma," Leokadia alikubali. "Na anajua pa kuiweka."

Mzee alifuta uso kwa kiganja. Kipokezi kilikuwa bado mkononi mwake. Alikitazama kwa muda, kisha akakiweka kwenye sahani ya bati, pale ilipokuwa sindano.

Leokadia alivuta kigoda chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, kama asubuhi zile za Usangu, ng'ombe wakiwa zizini wanasubiri na moshi umelala chini. Aliweka mikono mapajani.

"Haya, Mngoni. Jitaje."

"Mbele ya Mbena?"

"Mbena amezibwa masikio," alisema Mama Mgaya, na hakusogea hata hatua.

Otmari alifumba macho. Ilimchukua muda kupata pa kuanzia. "Kichwa, hakuna," alisema. "Jicho la kulia, mchanga mchanga, siku nyingi. Meno yaliyobaki ni mazima. Bega la kushoto, ile ajali ya Kitonga."

"Hilo nalijua."

"Kifua, hakuna. Kifua..." Alisita. "Kuna uzito. Sijui kama ni maumivu."

"Utaje."

"Uzito wa kifua, basi. Wa kukaa peke yangu." Huko nje Mizani alishusha pumzi ndefu na kuweka kidevu juu ya wayo. Mkono wa mzee ulishuka kutoka kifuani, ukapita kwenye vifungo vya shati lililompwaya, ukaenda chini ya mbavu za kulia, ukasimama hapo.

"Na hapa," alisema. "Hapa ni pangu."